Kupona kwa Kifundo cha Mkono Hakuishii Chumba cha Upasuaji

Msimu wa maembe uingiapo Tabora, wakubwa kwa wadogo huipanda miembe, mti ulioenea kando ya njia ya kale ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Wapo wanaoteleza. Wengine huangushwa na bodaboda, na wazee huanguka uani mwao. Aangukaye hutanguliza kiganja, na uzito wa mwili huishia kwenye kifundo cha mkono. Tabibu Abraham Colles wa Dublin aliueleza mvunjiko huo mwaka 1814, miaka 81 kabla ya eksirei kugunduliwa.

Wengi hupona kwa plasta. Wale ambao mfupa wao umesagika au umepasuka hadi ndani ya kiungo huhitaji kuwekewa waya au chuma. Hapo ndipo dhana potofu huzaliwa: kwamba chuma kikishaingia, kazi imekwisha, na mkono ukiharibika, basi aliyepasua ndiye aliyekosea. Makosa ya upasuaji yapo, na yasifichwe. Hata hivyo, hatari nyingi huonekana kabla kisu hakijagusa ngozi.

Ya kwanza, kwa mkoa huu, ni tumbaku. Urambo, Kaliua na Sikonge huishi kwa zao hilo, na baadhi ya wakulima huvuta wanacholima. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu. Kidonda huchelewa kufunga na mfupa huchelewa kuunga. Ya pili ni kisukari kisichodhibitiwa, ambacho hukaribisha usaha. Ya tatu ni jeraha lililo wazi, hasa likiingiwa na udongo. Ya nne ni mifupa iliyolegea kwa umri, ambayo haishiki skrubu vizuri. Ya tano ni kuchelewa: wiki kadhaa zikipita mfupa huanza kuunga ukiwa umepinda, na upasuaji huwa mgumu zaidi.

Baada ya upasuaji, hatari hubadili sura. Vidole visivyochezeshwa hukakamaa. Waya uliochomoza nje ya ngozi huota usaha usipotunzwa. Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati huashiria mshipa wa fahamu uliobanwa. Chuma kinaweza kusugua kano hadi ikatike. Maumivu makali kama moto, yasiyolingana na jeraha, hayafai kupuuzwa.

Ni rahisi kumlaumu mgonjwa asiyerudi kliniki. Lakini mkulima wa kijiji cha ndani ya Kaliua akiambiwa arudi mjini baada ya wiki mbili, huhesabu nauli, malazi na siku za shamba. Kutorudi kwake si ukaidi. Ni hesabu iliyogoma.

Kwa hiyo mpango wa matibabu umfuate mgonjwa nyumbani. Kabla ya upasuaji, apimwe sukari na aulizwe habari za sigara na ugoro, kisha asaidiwe kuviacha walau hadi mfupa uunge. Akiruhusiwa, apewe kadi ya Kiswahili chepesi yenye dalili za hatari na mazoezi ya vidole ya kuanza mara moja. Kidonda, waya na vidole vikaguliwe katika zahanati iliyo karibu naye, na mwenye dalili mbaya pekee ndiye asafirishwe haraka. Waganga wa kuunga mifupa nao waitwe mezani badala ya kudharauliwa, kwa kuwa wengi huanzia kwao. Wakikubali kutofunga vijiti kwa kubana sana, na kumpeleka hospitali mara moja mwenye jeraha wazi au vidole vyenye baridi na ganzi, mikono mingi itasalimika.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalodai mashine ya thamani. Yanadai maswali yaulizwe mapema na mtu wa kumtazama mgonjwa baadaye. Picha ya eksirei inaweza kuonyesha mfupa ulionyooka ilhali mwenye mkono hawezi kushika jembe wala kufunga kifungo cha shati. Upasuaji wa namna hiyo bado haujafaulu.