Mwaka muzima usipimwe mu asubuhi moja

Kila wakati wa sesio, mu cité zetu za Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, usingizi unapunguka. Mama anawasha moto kungali giza. Baba anayetoka poste ya usiku anakuta mtoto angali na silabusi mu mikono. Wote wanaogopa neno moja: egzame.

Hesabu yake tunaijua. Ku sekondari, bulletin inasema wazi: pointi za egzame ni sawa na za periode mbili pamoja. Egzame peke yake njo nusu ya semestre. Ku iniversite, kawaida ni vile vile: somo linahesabiwa ku 20, 10 za kazi za mwaka na 10 za egzame. Aliyepata 8 mu mwaka, pointi 2 za egzame zinamufikisha ku 10. Aliyepata 3 anaombwa 7.

Ku karatasi, mgawo huu ni wa haki. Mateso ni namna unavyotumiwa. Kuna masomo ambamo interro ni moja tu, wiki moja mbele ya sesio, na kopi hairudi. Pointi za mwaka zinatoka ku valve siku moja na za egzame. Mwanafunzi anaingia mu sali bila kujua kama anatafuta 2 ao 7.

Wachimbaji, jambo hili munalijua kupita profesa. Munaleta magunia kumi, mnunuzi anakamata udongo kidogo mu gunia moja, anatangaza teneur ya yote. Munakubali? Munakatala, munaomba apime kila gunia, na mashini muione. Egzame moja ni sawa vile gunia moja. Mtoto aliyeamuka na malaria asubuhi ile, teneur yake inashuka, lakini akili yake haikushuka.

Wengine watasema: "Ile kazi ya kunyumba batoto banakopiana, egzame njo ya kweli." Kuna ukweli humo. TP inakopiwa, ingine inauzwa. Lakini egzame nayo inauzwa. Na pale mlango mmoja unabeba yote, mwenye kushika ufunguo anapandisha bei. Mabinti zetu wanajua bei ile haiombwe kila mara mu feza.

Hatuombe egzame iondolewe. Tunaomba vitu tatu. Kwanza, interro zisipunguke mbili mu kila somo, na kopi zirudi. Pili, pointi za mwaka zitiwe ku valve mbele ya egzame, ili mwenye kuona kosa alalamike mapema. Tatu, mwenye karatasi ya munganga asiambiwe paka "utarudi sesio ya pili". Apewe siku ingine mu sesio ile ile.

Na sisi wazazi? Tunalipa frais kwa jasho la mugoti, kisha tunanyamaza mpaka matokeo. Baba anayeuliza ku mwisho tu, "Umepita?", amechelewa. Aulize tangu interro ya kwanza: "Kopi iko wapi?"

Kwani mtoto akirudia mwaka, baba naye anarudia: mwaka mwingine wa kushuka mu shimo.