Jerry Saltz Si Kisingizio Chako

Tangu niache chuo, kuna hadithi moja natumiwa kwa DM kama vile watu hutuma pole. Jerry Saltz. Ati aliacha chuo cha sanaa, akaendesha lori, na leo ndiye mhakiki wa sanaa wa jarida la New York, na Pulitzer mkononi. "Ona buda, digrii si kitu." Halafu emoji ya moto.

Wasee, nimechoka na hiyo hadithi. Si ati ni ya uwongo. Shida ni venye mnaikata katikati mkanipakulia kipande kitamu pekee.

Wacha niwape yote. Huyu mzee alizaliwa 1951, akakulia pande za Chicago. Akaingia School of the Art Institute of Chicago na hakumaliza. Miaka ya 70 yeye na wenzake wakaanzisha galari yao ya wasanii, N.A.M.E., na yeye akajitwika mradi wa kichaa: kuchora Divine Comedy ya Dante, yote. Hakuwa msee wa kubahatisha. Kazi zake zilionyeshwa. Akahamia New York, na huko ndiko alikwama. Woga ulimla. Alijiambia hajui kuchora vizuri, hajasoma vya kutosha, hana pesa, mpaka mkono ukagoma. Hakuna aliyemfukuza kwenye sanaa. Alijifukuza mwenyewe.

Ndipo lori likaingia. Miaka karibu kumi ya masafa marefu, na kwenye redio ya madereva akijiita Jewish Cowboy. Kwenye posti zenu hapo huwa ni kichekesho. Yeye mwenyewe, kwenye makala yake ya 2017 kuhusu kushindwa kuwa msanii, anasema alikuwa amejaa machungu na wivu kwa kila mtu aliyekuwa bado anachora. Soma hiyo kabla uniambie kuacha kitu ni ushujaa.

Sasa hesabu kidogo. Village Voice walimpa kazi ya uhakiki 1998, akiwa na miaka 47 hivi. Pulitzer ilikuja 2018. Sitini na saba! Sisi tukikosa wafuasi elfu kumi kufikia Desemba tunahamia video za kupika.

Na kuna kitu hamuweki kwenye posti kabisa: mke wake ni Roberta Smith, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mhakiki wa sanaa wa New York Times, mmoja wa wakubwa kabisa. Kwa hivyo ukisema "alianza bila chochote," pole. Nyumbani kwake kulikuwa na chuo kikuu kinakunywa kahawa mezani. Mimi nyumbani niko na mbu na bili ya tokeni.

Lakini simponzi. Nampenda huyu mzee, hata na vituko vyake vya mtandaoni, na ile runinga ya mashindano ya wasanii aliyokuwa jaji, ambayo wengi wa daraja lake waliiona aibu. Nampenda kwa sababu moja: anaenda kuona. Kwa maneno yake, maonyesho kama 25 au 30 kwa wiki. Kwa wiki! Anaingia, anasimama mbele ya kitu, anatoka, anaandika alichoona. Kuna wakati alienda MoMA akaanza kuhesabu, moja kwa moja, ni kazi ngapi kwenye kuta ni za wanawake, halafu akawaambia jumba hilo kubwa hadharani kwamba ni aibu. Hiyo haihitaji digrii. Inahitaji miguu, na kutoogopa kukosa mwaliko unaofuata.

Chukua Novemba 2017. Christie's walikuwa wanauza Salvator Mundi, mchoro wa Yesu walioutangaza kuwa wa Leonardo da Vinci. Mji mzima umepiga foleni kuuona. Saltz akaenda, akaangalia, akaandika kabla ya mnada kwamba haamini ni wa Leonardo. Alikiri wazi yeye si mtaalamu wa kazi za kale. Alichokuwa nacho ni karibu miaka 50 ya kuangalia sanaa. Mchoro ukauzwa dola milioni 450. Pesa ilimpita kama nganya inavyompita mtu wa mkokoteni. Na mpaka leo wataalamu wanabishana ni mkono wa nani uliochora wapi, kwa hivyo sisemi alishinda. Nasema alisema, jina lake likiwa juu ya makala, wakati kunyamaza kulikuwa rahisi zaidi.

Sasa turudi kwetu, sisi tunaojiita wachambuzi.

Mwaka jana galari moja hapa Nairobi iliniita ufunguzi. Teksi wamelipa, samosa ziko, mvinyo uko, na bahasha ndogo ya "usafiri." Nilikaa kama dakika arobaini, nyingi nikipiga picha za nguo za watu. Ukutani ilikuwa karibu mchoro uleule mara kumi na kitu: mwanamke wa shingo ndefu ametupa mgongo, jua la machungwa, basi. Niliona. Nilijua nimeona. Nikaenda nyumbani nikaandika "kazi yenye roho" na posti ikafanya vizuri kuliko zote za mwezi ule.

Siku mbili baadaye msanii mwenyewe akaniandikia. Kijana wa rika langu. Akashukuru, halafu akauliza: "Lakini niambie ukweli bro, si zinafanana sana?"

Nilimjibu na emoji ya moto.

Huyo alikuwa anaomba kitu kimoja ambacho hakuna mtu kwenye chumba kile alimpa. Galari inataka kuuza, marafiki wanataka afurahi, mimi nilitaka bahasha ingine. Mtanijibu kwamba sanaa yetu bado ni changa, tusiivunje moyo. Sawa, lakini anayevunjwa moyo ni nani hapa? Yeye alikuwa ameshajua. Alikuwa anatafuta mtu wa pili aliyeona.

Kwa hivyo msinitumie tena Saltz na lori lake. Kama mnataka kunisaidia, niulizeni nimeona maonyesho mangapi mwezi huu. Ni mawili. Moja niliingia kukimbia mvua.

Jana nilimwandikia yule kijana. Nikamwambia ndiyo, zinafanana, na kwamba kuna moja ndogo karibu na mlango wa choo, ya jerikeni lililopasuka, ndiyo pekee iliyonisimamisha. Tiki mbili za bluu. Bado hajajibu.