Gombo Hufunguliwa, Halitandazwi

Toleo hili tumelitenga kwa magombo ya Kichina yenye michoro ya mito na milima, na tunalitoa tukiwa na lalamiko. Vitabu vingi hubana gombo la mita sita likaenea kwenye ukurasa mmoja. Majumba ya makumbusho nayo hulitandaza lote chini ya kioo, watu wakapita mbele yake kwa dakika mbili. Gombo halikuchorwa litazamwe hivyo. Mwenyewe aliliweka mezani, mkono wa kushoto ukifungua na wa kulia ukiviringisha kilichokwisha kuonwa, na mbele yake hapakuwa na zaidi ya kipande kinachoenea kati ya mikono miwili. Jabali likiingia, kijiji kinatoweka. Macho yanasafiri na mto.

Tumemchagua Huang Gongwang, aliyezaliwa mwaka 1269, akawa karani chini ya utawala wa Wamongolia, akatupwa gerezani, kisha akaifuata njia ya Watao. Alikuwa anakaribia miaka 80 alipoanza kuchora milima ya mto Fuchun, mkoani Zhejiang. Mwaka 1350 aliandika kwenye gombo lenyewe kwamba miaka mitatu minne imepita na kazi haijaisha, kwa sababu huliacha mlimani na kwenda kutembea. Rafiki yake Wuyong, ambaye ndiye aliyekuwa akichorewa, aliogopa wajanja wasije wakalitwaa, akaomba liandikwe kuwa ni lake hata kabla halijakamilika.

Tazameni maji yake. Karibu hakuna maji yaliyochorwa! Wino umewekwa kwenye miamba, misonobari, vibanda, na mvuvi mdogo ndani ya mashua. Mto wenyewe kwa sehemu kubwa ni karatasi iliyoachwa tupu. Mashua ikishatiwa hapo, weupe ule unakuwa na kina na mkondo. Kwenye picha iliyopunguzwa mvuvi huyo ni nukta, na nukta haiwezi kuugeuza weupe kuwa mto. Ndiyo maana twasema kuipunguza kazi hii ni kuiharibu.

Imekwisha kuharibiwa vya kutosha. Mwaka 1650 mmiliki wake, Wu Hongyu, akiwa mahututi, aliamuru ichomwe aende nayo ahera. Mpwa wake aliichomoa motoni, lakini ilikuwa imekwisha kukatika. Kipande cha takriban sentimita 51 kiko Hangzhou. Kile kirefu, cha zaidi ya mita sita, kiko Taipei. Mwaka 2011 vilionyeshwa pamoja huko Taipei, kisha kila kimoja kikarudi kwake.

Sisi tumekichapa kipande kirefu sehemu kwa sehemu, kurasa nyingi mfululizo, bila maelezo pembeni. Kinaanzia upande wa kulia, kama tunavyosoma msahafu. Maelezo yako nyuma ya jarida. Tafadhali yasomeni baada ya kumwona mvuvi.