Tuwatazame Ndege wa Pwani kwa Adabu



Sisi watu wa mikarafuu tumezoea kutazama juu mtini. Siku hizi watoto wetu huchukuliwa pwani kutazama ndege, nasi twaliunga mkono jambo hilo. Lakini namna ya kutazama ndiyo yenye maneno.

Maji yakitoka, utawaona kitwitwi na sululu wakichokoa tope mbele ya mikoko. Wengi wao huzaliwa katika nchi za baridi za Urusi, na hukaa kwetu tokea Septemba hata Aprili. Yupo pia mla kaa, mweupe, mgongo mweusi, mdomo mnene. Huyu hutaga yai lake moja ndani ya shimo la mchanga, katika pwani za Oman na Ghuba. Hurejea huko kusi ikianza, kama yalivyofanya majahazi ya zamani.

Nguvu ya safari hizo ni mafuta yaliyomo mwilini. Maji yakijaa, ndege hukusanyika ufukweni kupumzika. Hapo ndipo watu huwakimbilia ili waone kundi likiruka. Kila wakirushwa huunguza akiba yao, na mwezi wa Machi muda wa kuirudisha ni mfupi. Ni sawa na mchumaji avunjaye tawi apate karafuu za leo.

Kwa hiyo twashauri: nendeni maji yakianza kujaa, kaeni mahali pamoja, kimya, na ndege watasukumwa na maji kuja kwenu.

Yuko atakayeuliza, ndege watufaa nini? Ni wageni wetu. Mgeni aliyefika salama, na aondoke salama.