Wewe Umelala Diani, Pesa Yako Imelala Ng'ambo

Wasee, leo nina maneno makali kidogo, na naanza na marafiki zangu mwenyewe.

Disemba iliyopita tulikuwa watu sita tunapanga kushuka Coast. Nikatuma kwa grupu namba ya shangazi yangu. Ana vyumba vinne Diani, dakika kumi kwa miguu hadi baharini, 4,000 kwa usiku. Wote wakasema sawa. Siku mbili baadaye natumiwa skrinshoti: wameshabuku vyumba vitatu. Nyumba ni ile ile ya shangazi, ila wamepitia apu ya ng'ambo. "Bro, ni rahisi tu. Unabonyeza, unamaliza."

Rahisi kwa nani?

Tupige hesabu. Apu kubwa za kubuku mara nyingi humkata mwenye nyumba karibu asilimia 15. Kwa chumba cha 4,000, hiyo ni 600 kila usiku. Sisi tulilala usiku nne, vyumba vitatu: 7,200. Dada anayefua shuka na kupiga deki pale analipwa 600 kwa siku. Yaani jasho lake la siku 12 limeenda kwa kampuni ambayo haijafua hata foronya moja, eti kwa kututambulisha kwa shangazi yangu mimi!

Na si pesa tu. Kuna mgeni aliwahi kumpa nyota mbili kwa sababu stima ilipotea usiku. Stima! Shangazi akaandika kujieleza, akajibiwa na roboti. Akashuka chini kwenye orodha, na kwa wiki kadhaa hakuna aliyembuku. Miaka kumi na minne ya kukaribisha watu, na hana hata mtu wa kumpigia simu amlalamikie.

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi turudi enzi za kupanga foleni kwa tiketi. Zamani wageni wa nje waliletwa na mawakala, na mawakala walijua hoteli kubwa tu. Mwenye vyumba vinne alingoja mtu apite barabarani. Leo mtu wa Berlin anamwona shangazi kwa simu yake, na hapo sina shida na kamisheni. Huyo Mjerumani hana njia nyingine ya kumjua. Lakini wewe wa Umoja, namba unayo, Kiswahili unajua, M-Pesa unayo. Dalali wa nini?

Tena hata Ulaya wamestuka. Mei 2024, Tume ya Ulaya iliweka Booking.com kwenye orodha ya makampuni yanayobanwa na sheria yao ya masoko ya kidijitali. Sasa hoteli za huko ziko huru kuweka bei nafuu kwenye tovuti zao wenyewe. Kama wao wanalinda watu wao, sisi tunangoja nini?

Najua mtakuja kwa komenti: "Na matapeli je?" Ni kweli. Kila Disemba kuna mtu analipia vila ya picha za kuiba, akifika anakuta kiwanja cha mbuzi. Lakini dawa ipo. Piga simu ya video, mwambie akuonyeshe chumba na geti. Uliza mtu aliyewahi kulala pale. Angalia jina linalotokea kwa M-Pesa kabla ya kubonyeza. Tuma dipoziti kidogo, zingine ulipe ukifika. Dakika kumi tu. Unatumia zaidi ya hizo kuchagua filta ya picha.

Na mkumbuke 2020. Machi ile ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa, zikarudi Agosti. Miezi hiyo apu haikumletea shangazi mtu yeyote. Wa kwanza kurudi walikuwa watu wa Nairobi, waliompigia simu wenyewe: "Mama, kuna nafasi wikendi?"

Sisi ndio wageni wa mvua na jua. Basi tukae kama wageni wenye akili. Kama namba ya mwenyewe unayo, mpigie. Ile 600 aidha akupunguzie, aidha aongeze mshahara wa yule dada, aidha mkapikiwe samaki wa nazi. Popote itakapoenda, itabaki Diani.

Shangazi bado anapokea simu. Tatizo ni sisi tumesahau kupiga.