Kabla ya Roma, pitia Nakasero

Ndugu mwandishi, makala yako ya ladha za Italia imetupandisha ndege mapema mno. Sisi wa Nakasero, hapa Kampala, safari ya Kiitaliano tunaianzia sokoni kwetu: nyanya zilizoiva, vitunguu saumu, hata mrehani, ukiwahi asubuhi. Teremka hadi mtaa wa Kisenyi, Wasomali wakupakulie baasto na ndizi mbivu pembeni. Ndiyo pasta iliyobaki Mogadishu Waitaliano walipoondoka.

Kahawa je? Italia ni mmoja wa wanunuzi wakubwa wa kahawa ya Uganda, na robusta ndiyo inayoipa espresso lile povu zito. Usishangae ukivuka bahari kwenda kunywa kahawa ya Masaka kwa bei ya Roma!

Halafu kuna Mlima Rwenzori. Kilele chake cha mita 5,109 kinaitwa Margherita tangu mwanamfalme Mwitaliano Luigi Amedeo alipokipanda mwaka 1906. Jina hilo ni la malkia wa Italia, yule yule ambaye watu wa Napoli husimulia kuwa piza ilipewa jina lake.

Kwa mvinyo sibishani nawe, ufuate huko huko Toscana. Mengine yaonje hapa kwanza, ndipo ukate tiketi.