Anga ni Mali ya Wote

Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye uzito wa kilo 500 hivi iliangukia kijiji cha Mukuku, Makueni, nchini Kenya. Shirika la Anga za Juu la nchi hiyo lilieleza kuwa ni kipande cha roketi. Hakuna aliyeumia.

Unguja si mgeni wa mambo haya: mwaka 1962 kituo cha Marekani kilichokuwapo kisiwani kilizungumza na John Glenn alipokuwa akiizunguka dunia.

Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 unaitaka nchi iliyorusha chombo ilipe fidia kikileta madhara ardhini. Lakini mwanakijiji atamjuaje mwenye chuma kisicho na jina? Haki isiyo na mdaiwa ni ahadi tupu.

Katika Laudato Si’ (2015), Papa Fransisko alifundisha kwamba tabianchi ni mali ya wote. Hoja hiyo yaihusu anga pia. Mvuvi wa Mkokotoni, ahesabuye bamvua kwa mwezi, hana roketi. Hata hivyo mbingu ile ile i juu yake. Basi tuufurahie ujuzi aliotujalia Mungu, tukidai kwamba anayerusha awajibike.